Kisanduku Kilichouliza Jina

Kisanduku kilitokea tena kwenye skrini saa tisa alasiri, mvua ya mawe ikipiga mabati ya duka, na waya wa simu ukiwa umechomolewa ukutani kwa kuogopa radi.

Alfayo aliutazama ule waya mkononi mwake, kisha akaitazama skrini. Andika jina. Andika neno la siri. Kompyuta isiyounganishwa na popote ilikuwa ikiuliza jina.

"Hata leo?" Mama Nikita aliuliza kutoka kaunta.

"Hata leo, mama."

Ulikuwa mwaka wa 1999, na duka la Bharat pale Kisii mjini lilikuwa na kompyuta tatu za mtandao. Mkewe Sumitra, ambaye kila mtu alimwita Mama Nikita, alisikiliza nyimbo za ibada kila alasiri kutoka redio moja ya Uingereza, alikoolewa binti yake. Sauti hizo zilipitia seva ya proksi, mashine iliyokaa chumba cha nyuma kama bawabu, ikimuuliza jina kila anayepita. Programu ya kusomea kurasa za mtandao ilijua kujitambulisha. Programu ya muziki haikujua, ndiyo maana nyimbo zilikatwa katikati na kisanduku kile. Hilo Alfayo alilielewa. Asichokielewa ni kwa nini kilikuja hata muziki ukiwa umezimwa, na kwa nini kikija duka zima lilinuka maziwa yaliyoungua.

"Fundi namna gani wewe?" Bharat alisema mbele ya wateja. "Kisanduku kidogo hivi nashinda wewe? Mimi taita fundi ya Nakuru. Yeye iko na cheti. Wewe iko na suruali tu."

Wateja wakacheka. Mama Nikita alingoja mumewe aingie ndani, akamsogelea Alfayo.

"Usikijibu," alinong'ona. "Kwa bibi yangu kulikuwa na jini kisimani. Halikuuma mtu, halikupiga mtu. Lilikuwa linauliza jina tu, kwa sababu halikuwa na lake."

"Hii ni mashine, mama."

"Hata kile kilikuwa kisima."

Lakini Alfayo alikuwa na mtoto wa siku nne nyumbani kwake Mosocho, na kazi hii aliihitaji. Akaamua kuipa programu ya muziki jina lake yenyewe kwenye seva, iwe inajitambulisha bila kumsumbua mtu. Lilitakiwa jina ambalo hakuna aliyelitumia. Alikuwa nalo moja. Kwamboka, bibi yake aliyezikwa mwaka uliotangulia, ambaye jina lake lilikuwa linamngoja mtoto hadi Jumamosi. Tusimwone mjinga. Jina lilikuwa limemjaa kinywani wiki nzima, na mtu huandika kilicho karibu na moyo.

Akaandika Kwamboka.

Kisanduku kikatoweka. Nyimbo zikapita bila kukatika. Harufu ikaisha, na Bharat akampiga begani.

Jumamosi asubuhi mama yake, Nyanchama, alimpakata mtoto aliyekuwa analia, akaanza kumtajia wafu wa ukoo mmoja mmoja. Desturi yao ilikuwa hiyo: mtoto hulia hadi litajwe jina lililo lake, ndipo apige chafya na kunyamaza, na wote wacheke. Nyanchama alitaja majina matatu. Mtoto akalia. Akalitaja la nne.

"Kwamboka."

Kilio kikakatika. Chafya haikuja. Mdomo wa mtoto ulibaki wazi, ulimi ukitetemeka, machozi yakitiririka, kifua kikipanda na kushuka. Alikuwa bado analia, ila hapakuwa na sauti. Kemuma, mkewe Alfayo, akamwekea titi. Maziwa yakamwagika shavuni. Mtoto hakumeza.

Nyanchama akamgeukia mwanawe taratibu.

"Hili jina umempa nani?"

"Mama, ni mashine tu ya..."

"Ebirecha huja kwa mlango wowote," alisema kwa sauti ya chini, na Kemuma, aliposikia mizimu ikitajwa, akamkumbatia mtoto. "Nenda ukalirudishe. Huyu hatafika jioni."

Mjini Alfayo alimkuta Mama Nikita amesimama nje ya duka, ameziba masikio. Bharat alikuwa safarini Ikonge. "Tangu asubuhi," alisema, "kuna mtoto analia ndani ya nyimbo zangu."

Alfayo aliingia, na harufu ya maziwa yaliyoungua ikampokea, na kile kilio akakijua kabla hajafika kwenye spika, akazichomoa na kilio kikaendelea, akang'oa waya wa simu na kilio kikaendelea, akakimbilia chumba cha nyuma akazima umeme wa seva, na taa zake zote zikafa huku binti yake akiendelea kumlilia kutoka mle ndani, kwa sauti iliyokuwa ikipungua kama ya mtu anayebebwa mbali. Na skrini iliyozimwa ikawaka.

Kwamboka ameingia. Kumwondoa, weka jina la kuchukua nafasi yake.

Akaandika Mgeni. Likakataliwa. Akaandika upuuzi wa herufi. Likakataliwa. Akaanza kuandika lake, A, L, F, na vidole vikasimama. Alimfikiria Kemuma akiwa mjane. Akazifuta.

"Ngoja nilete ubani," Mama Nikita alimwambia kutoka mlangoni. "Nitamwombea mtoto wako. Usiogope, Alfayo."

Hatua zake zikaelekea jikoni. Alfayo aliandika herufi saba, akizitazama kama zinaandikwa na mtu mwingine. Sumitra.

Kilio kikakoma.

Aliporudi Mosocho alimkuta mtoto ananyonya. Alipiga chafya palepale, Kemuma alisema, alipotajiwa jina mara ya pili. Nyumba nzima ikacheka hadi kulia. Alfayo naye akacheka.

Jumatatu Mama Nikita alikaa kaunta, macho wazi, midomo ikicheza bila sauti, ubani mbichi bado kiganjani.

"Sumitra!" Bharat alimwita. Hakugeuka.

"Abee, Baba Nikita," spika zilizochomolewa zikajibu. "Niko hapa. Mbona hunioni? Mlango uko wapi?"

Bharat aliisogelea skrini. Sumitra ameingia. Kumwondoa, weka jina la kuchukua nafasi yake. Alisoma polepole, akifuata kila neno kwa kidole, kisha akasoma tena. Akavuta kiti, akaketi, akaweka mikono juu ya vibonye.

"Fundi," alisema, kwa upole ambao Alfayo hakuwahi kuusikia kwake. "Ile mtoto yako. Mwisho wewe naita yeye nani?"