Ujumbe Usio na Jina

— Angalia vile Thierry anapenda bibi yake!

Emérence alimsukumia mumewe simu hadi puani. Kwenye statut ya WhatsApp, mdogo wake Lydie, mke wa Thierry, alikuwa anacheka kando ya ziwa, kule Ibanda, mikono imejaa maua.

— Na mimi? Lini ulinipa hata ua moja?

Murhula, seremala, ndiyo kwanza alikuwa anatoka kazini, vumbi la mbao bado nyweleni.

— Emérence, niko na njaa.

— Kula simu!

Ndivyo walivyoishi tangu Lydie aolewe. Sofa ya Lydie, gari la Lydie, keki ya Lydie: kila picha ilimchoma Emérence rohoni. Murhula akinyamaza, aliitwa maiti. Akijibu, aliitwa mjinga.

Jumamosi moja Lydie akaweka picha nyingine na maneno: "Bwana wangu, Mungu alinipendelea." Emérence akafungua akaunti ya Facebook kwa jina la uongo, akamwandikia shemeji yake:

"Papa Thierry, bibi yako iko na mwanaume mwingine. Mutaa muzima unajua."

Akatuma. Siku hiyo alipika huku anaimba.

Kesho yake, baada ya misa, Lydie alisimama mlangoni pao Kadutu, begi mkononi, jicho limevimba.

— Yaya, — alimwambia dada yake mkubwa, — Thierry amenifukuza. Mutu alimuandikia uongo.

— Mutu gani? — Emérence aliuliza.

— Sijui. Lakini siyo mara ya kwanza ananipiga. Hata ile maua nilijinunulia mwenyewe.

— Sasa mapicha ulikuwa unaweka juu ya nini?

— Nilikuwa naona haya, yaya. Wewe ulipata bwana mwema. Mimi ningesema nini?

Simu ya Emérence ikalia mezani. Murhula akaiokota, akasoma kwa sauti:

— "Asante kwa habari. Nimeisha kumufukuza." Ni Thierry. Anaandikia nani hapa?

Lydie alimtazama dada yake.

— Ni wewe?

— Mulinichokesha! Kila siku kujionyesha, kila siku kunicheka!

— Mupigie Thierry, — Murhula alisema. — Sasa hivi, mbele ya mudogo wako. Na utaje jina yako.

Emérence alipiga, sauti ikawa wazi kwa wote.

— Allô, Thierry. Ni Emérence. Ule ujumbe ni mimi niliandika. Lydie hana kosa.

Thierry akacheka.

— Nilijua ni uongo. Nilikuwa natafuta tu sababu ya kumufukuza. Asante, shemeji.

Akakata.

Lydie alifuta machozi kwa kiganja, akainua begi lake.

— Naenda kwa maman.

— Mudogo wangu, unisamehe...

— Usiniite vile!

Murhula akampokea begi, wakatoka pamoja. Emérence akawakimbilia hadi barabarani, miguu mitupu, majirani wanachungulia.

— Murhula! Utarudi?

— Nitarudi, — alisema bila kugeuka. — Lakini leo usiniulize kama bado nakupenda.