Nundu Isiyoondoka
Siku hiyo dishi la darubini ya redio lilielekezwa mahali ambapo haidrojeni ya angani ni haba kuliko kote, na bado mchoro wa mawimbi ukatoa nundu, kana kwamba haidrojeni imejaa.

Nélida, mtafiti wa anga, akaipitisha kwenye hesabu yake, ile iliyompa sifa mji mzima wa La Plata, Argentina: hesabu ya kuondoa mawimbi yanayojipenyeza ubavuni mwa dishi na kuchafua kipimo. Nundu haikupungua. Ikapanda.

"Dokta," fundi Anselmo alinong'ona, "unasikia harufu? Kama maganda ya machungwa yanaungua."

Aliisikia. Mtu aliyetia maganda ya kuchoma kwenye chai yake ya mate, majani machungu wanywayo Waargentina, alikuwa mtafiti mwenzake Otilia peke yake, na Otilia walishamzika. Hesabu ile ilikuwa ya Otilia. Nélida aliichapisha kwa jina lake mwenyewe kabla maua ya kaburini hayajanyauka.

Tangu hapo kila adhuhuri nundu ilirudi, na kila iliporudi spika ya mitambo ilikoroma, kisha ikahema, kisha ikakohoa kikohozi kikavu alichokijua tangu chuoni, hata Anselmo akachomoa waya wa antena, na kikohozi kikaendelea, karibu zaidi, nyuma ya shingo ya Nélida, vinyweleo vikimsimama.

Anselmo akamleta shangazi yake, Doña Eufrasia, mganga. Bibi akadondosha mafuta kwenye sahani ya maji, akayatazama.

"Ni mwanamke. Hana hasira, anataka jina lake tu. Ulimchukulia nini, mwanangu?"

"Mimi? Sijachukua kitu!"

"Usinidanganye mbele yake. Yupo hapa."

Nélida akawaza tuzo ya hesabu ile, ambayo alikuwa aende kuipokea Ujerumani.

"Mfukuze tu, bibi," akasema kwa sauti ndogo.

"Naweza. Lakini dhambi hiyo utaibeba wewe."

Bibi akanyunyiza chumvi, akaomba. Spika ikahema. Nélida akajikunyata akingoja laana, kofi, vioo kupasuka, lolote. Ikatoka sauti ya upole ya Otilia, ambaye miaka yote ya kazi alizoea kumpisha mlangoni:

"Samahani, Nélida. Sikujua kama nakusumbua. Haya, naondoka."

Mchoro ukanyooka kama shuka iliyopigwa pasi. Anselmo akashusha pumzi. Doña Eufrasia akaosha sahani yake, akaupita mkono alionyooshewa na Nélida kana kwamba hakuuona, akatoka. Nélida akabaki mbele ya kipimo safi kuliko vyote alivyowahi kupata, uso ukimwaka, akishindwa hata kuinua macho akitazame.