Mstari Uliofutwa

Kila Jumatano baada ya masomo, Miwani, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya miwani yake, na wenzake wawili walipangusa vumbi kwenye chumba cha kompyuta, kisha wakaendelea na programu yao ya kuazimisha vitabu vya maktaba. Jumatano hiyo mwalimu aliweka fomu mezani.

"Mashindano ni Jumamosi. Andikeni nani aliandika sehemu ipi. Kama kuna kazi ya mtu mwingine, semeni wenyewe kabla hamjaulizwa."

Sehemu ya kutafuta vitabu Miwani aliinakili kutoka kwenye kompyuta ya dada yake, mwandishi wa programu za zahanati. Juu yake palikuwa na mstari uliomtaja mwenye haki. Miwani aliufuta.

Mwalimu alipotoka, akawaambia wenzake hayo, na kwamba angeyaandika kwenye fomu. Kiongozi wao, waliyemwita Chuma, alimkazia macho.

"Ukiandika hilo, tumekwisha. Nyamaza."

"Umetuletea mwenyewe," mwenzao wa tatu akadakia, "sasa unajitia mtakatifu."

Nyumbani, alipomweleza dada yake, mambo yalikuwa mabaya zaidi. "Ungeniomba, ningekufundisha," dada alifoka. "Lakini kukupa nisingeweza. Niliiandika kazini, haki ni ya zahanati. Unataka nifukuzwe?"

Asubuhi Miwani aliandika ukweli wote kwenye fomu. Mwalimu aliisoma, akawaamuru waiondoe sehemu hiyo na kuandika yao, la sivyo wajitoe. Siku mbili nzima Chuma hakumsemesha ila kumwambia, "Sogea." Aliandika, akafuta, akaandika tena, uso ameukunja. Miwani alijaribu kila mstari na kuonyesha makosa, huku machozi yakimlengalenga.

Jumamosi programu ilifanya kazi, ingawa kwa kujikokota. Jaji akauliza, "Sehemu hii ya kutafuta inafanyaje kazi?" Chuma akaeleza mstari kwa mstari bila kubabaika. Wakawa wa tatu.

"Swali lile lingehusu kazi ya zahanati, mngejibu nini?" mwalimu aliwauliza baadaye. Kisha akaongeza, "Programu ni jasho la mtu, hata kama haishikiki mkononi. Ombeni ruhusa, mtajeni mwenye kazi, na mkikosea, semeni kabla ya kukamatwa."

Chuma hakuomba radhi. Alimsogezea Miwani kibodi.

"Andika majina yetu pale juu," alisema. "Na mstari huu usiufute."