Kofia ya Kambo Théodore

Kila asubuhi Jenny aling'arisha buti za babu yake mzaa mama, Kambo Théodore, maana huko Likasi babu huitwa kambo, na kumletea kofia yake ngumu ya kazini. Kiwanda cha shaba cha Shituru kilikuwa karibu kufa, lakini mzee alichechemea hadi getini kila siku, akisubiri kuitwa kazini.

Jenny alikuwa na miaka kumi na miwili. Mama yake alikuwa amefariki. Baba yake, Mbelgiji, aliondoka Likasi wakati askari walipopora miji mwaka 1991, wala hakuandika tena.

Asubuhi moja Kambo hakuamka.

Kwao, wajukuu huvaa nguo za babu aliyekufa, humwigiza, na kulizuia jeneza mpaka wakubwa wawabembeleze. Siku ya mazishi Adolphe, mtoto wa mjomba wa Jenny, akachukua kofia. Jenny akanyoosha mkono kwenye buti.

"Weye unataka nini?" Adolphe akamfokea. "Wajukuu ni siye. Nenda ukalilie kambo yako wa Ubelgiji!"

Wenzake wakacheka. Jenny akajifungia chumbani kwa Kambo. Mke wa mjomba alipomwita, akadanganya: "Niko na homa."

Chumba kilikuwa na joto, na dirisha lilikuwa na nondo za chuma. Alitazama mikono yake, si myeusi wala si myeupe. Sokoni walimwita mzungu. Wazungu nao walimwelekeza mlango wa jikoni. Angetoka humu, angekwenda wapi?

Kupitia nondo alimwona Adolphe akimwigiza Kambo, akichechemea kwa mguu wa kushoto.

"Si huo!" Jenny akapiga kelele. "Ni wa kulia!"

Waombolezaji wakaangua kicheko. Bibi Philomène, mjane wa Kambo, akaja mlangoni.

"Homa gani hii inapiga kelele?"

"Adolphe amesema miye si mjukuu."

"Mutoto wangu, Kambo alikuwa anaita nani asubuhi?"

"Miye."

"Sasa jeneza linatoka. Nani atalizuia?"

Jenny akafungua. Bibi akaivua kofia kichwani mwa Adolphe, akamvika Jenny. Jenny akachechemea kwa mguu wa kulia hadi mbele ya jeneza, akakohoa, akafoka: "Buti zangu ziko wapi? Nachelewa kazi!"

Watu walicheka huku wakilia. Wabebaji wakasimama. Adolphe akaleta buti mbio.

Jioni Bibi aliwaketisha wote wawili.

"Jenny, usijifiche tena kwa uongo. Mutu akikunyima nafasi yako, niite, tusemezane mbele ya watu. Na weye Adolphe, sikia vizuri: hii nyumba haina mjukuu wa nusu."