Biblia Nzima Kabla ya Harusi

"Umefika wapi?"

"Yeremia."

"Sura ya ngapi?"

"Thelathini na mbili."

"Haya niambie, Yeremia alinunua nini kwa binamu yake?"

Binti yangu Irini alikuwa amebana simu kati ya sikio na bega, mikono imejaa wali wa kujazia majani ya kabichi. Akaniangalia kama mtoto anayetafuta jibu la mtihani. Mimi shule niliishia darasa la sita, na Yeremia namsikia kanisani tu. Nikatikisa kichwa.

"Alinunua punda," Irini akasema.

Upande wa pili Benyamin, mchumba wake, akasema, "Shamba, Irini. Alinunua shamba. Umesoma kweli?"

"Nimesoma. Nimechoka tu."

"Sawa. Kesho malizia Yeremia, uingie Maombolezo."

Akakata. Irini akakunja jani la kabichi kwa nguvu mpaka likapasuka.

Nawaandikia nyinyi kina mama wenzangu mnaochumbiwa mabinti. Benyamin ni kijana mzuri. Hapa mjini Minya anatengeneza madirisha ya alumini, na kanisani kwetu ni shemasi. Siku ya uchumba, alipomaliza kumvisha Irini pete na bangili, alisimama mbele ya familia zote mbili akasema, "Kwaresima hii mimi na Irini tutasoma Biblia nzima. Tukivishwa taji la ndoa baada ya Pasaka, tuwe tumemaliza." Wanawake tukapiga vigelegele. Hakuna aliyekumbuka kumuuliza Abuna Sawiris, padri wetu, na kwetu sisi padri anayekuungamisha ndiye anayekupimia usome kiasi gani, kama daktari anavyopima dawa. Tuliona ni jambo jema, tuulize nini tena?

Jumapili moja watu wakasogea kupokea meza ya Bwana, Irini akabaki amekaa. Tulipotoka nikamuuliza.

"Ulikula kitu asubuhi, ukavunja mfungo?"

"Sikula."

"Umegombana na mtu?"

"Hapana."

"Sasa mbona hukushiriki?"

"Sijaungama, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu Walawi."

Nikasimama katikati ya barabara, mwenye pikipiki akanipigia honi.

"Walawi gani?"

"Kitabu cha Walawi, mama. Nimeshindwa pale. Natoka kazini famasi miguu inawaka, nafungua, macho yanatembea lakini kichwa hakipo. Nafunua kurasa tu. Akipiga namwambia nimemaliza. Nitaenda kumwambia nini Abuna? Kwamba kila siku nasema uongo kuhusu Biblia, na kesho nitasema tena?"

"Mwambie Benyamin ukweli."

"Ataniacha."

"Akikuacha leo utalia, utanyamaza. Ukishavishwa taji kwetu hakuna kurudi. Utamdanganya mpaka uzeeni?"

Tulipokaribia nyumbani akasema taratibu, "Zamani nilikuwa naipenda, mama. Sasa nikiiona pale mezani, moyo unashuka."

Hapo ndipo nilipoogopa. Nimeona vijana wanaotolewa kanisani na ulevi, na marafiki. Wangu alikuwa anatolewa na sura ishirini kwa siku.

Ijumaa Benyamin akaja kama kawaida, amebeba vitamu vya mfungo visivyo na samli. Irini hakukaa. Alivua pete, akavua bangili, akaviweka kwenye trei karibu na gilasi ya chai.

"Nini hii?"

"Dhahabu yako. Nikimaliza kusema, ukitaka utaichukua."

"Irini, mbele ya mama?"

"Mama anajua. Sijasoma Biblia. Tangu Walawi nafunua kurasa tu."

Benyamin akaweka gilasi chini. "Ulikuwa unaniambia umemaliza."

"Nilikudanganya."

"Umedanganya kuhusu neno la Mungu?"

"Mungu alikuwa ananiona. Niliyemdanganya ni wewe."

"Mtu anayedanganya kuhusu Biblia atashindwa kudanganya kuhusu nini? Wewe ni mwongo, Irini."

"Ndiyo maana nimevua."

Masikio ya Benyamin yalikuwa mekundu. Akaondoka bila kunywa chai na bila kugusa dhahabu. Haukupita muda simu ikalia, ujumbe ukaingia: "Mama yangu atakuja kesho kuchukua vitu."

Irini akausoma kwa sauti. "Afadhali," akasema. Kisha akaenda jikoni akaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Kesho yake mlango ukagongwa. Nikajitengeneza uso kwa ajili ya mama yake Benyamin. Nikafungua, nikamkuta Benyamin, peke yake, vumbi la alumini kwenye nywele.

"Mama yako yuko wapi?"

"Sijamwambia kitu."

"Dhahabu iko kabatini. Nikuletee?"

"Hapana, mama. Niitie Irini, tafadhali."

Irini akatoka, akasimama mbali naye. "Sema."

"Mimi niliishia Hesabu."

"Hesabu gani?"

"Kitabu cha Hesabu. Pale wanapohesabiwa makabila. Nililala juu yake. Kesho yake nikalala tena. Nikaacha."

"Na maswali? Shamba la Yeremia?"

"Kile kitabu cha maswali ya mashindano ya kanisani. Majibu yako nyuma."

Mimi nikatafuta kiti nikakaa.

Irini akamgeukia. "Kwa hiyo umenizidi kitabu kimoja."

"Kimoja. Na hakijaisha."

"Na jana ukaniita mwongo mbele ya mama yangu."

"Nilikuita."

"Huku unajua."

"Huku najua. Nilitoka hapa nikashindwa kupanda ngazi za kwetu. Irini, kila siku ulikuwa unaniambia umemaliza. Nikasema, huyu msichana anasoma kweli. Mimi shemasi nitamwambiaje nimelala? Nikawa nazidisha maswali ili usinishtukie."

"Mimi nilikuwa nadanganya kwa sababu nilidhani wewe unasoma."

"Na mimi kwa sababu nilidhani wewe unasoma."

Alianza Irini. Alicheka mpaka akajishika ukuta, machozi yakamtoka, na Benyamin naye akashindwa kujizuia. Nikacheka na mimi, bila kujua ni kicheko au ni pumzi niliyoibana tangu Jumapili ile.

Kisha Irini akajifuta uso. "Usidhani nimekusamehe. Kwanza muombe mama radhi. Halafu twende kwa Abuna, na wewe unatangulia kuingia."

"Natangulia."

Waliyoungama hayanihusu, sikuuliza. Nilikaa kwenye benchi la nje nikisubiri. Irini alipotoka, macho mekundu na uso mwepesi, ndipo nikamuuliza lile moja.

"Kakupa usome kiasi gani?"

"Nusu sura."

"Kwa siku? Nusu tu?"

"Nusu, mama. Injili ya Marko. Na niisome nimekaa, si huku napika."

"Na mwenzio?"

Benyamin akajibu mwenyewe, "Hiyo hiyo. Na nimekatazwa kuuliza swali lolote mpaka Pasaka."

"Alikataza kweli," Irini akasema. "Nilisikia anavyocheka."

Jumapili iliyofuata binti yangu alisogea kwenye meza ya Bwana na bangili zake mkononi. Nilifunika uso na mtandio, watu wakadhani nasali.

Kina mama wenzangu, akija mchumba na Biblia mkononi, shukuruni. Lakini ulizeni nani amempimia binti yenu kiasi, na mkisikia anahojiwa kwenye simu kama yuko mahakamani, msicheke. Mwangalieni machoni anapofungua kile kitabu. Wangu karibu apotee ndani yake.

Walivishwa taji baada ya Pasaka. Juzi nilipanda kwao kuwapelekea kabichi, nikawakuta wamekaa sakafuni, Benyamin anasoma habari za Yairo, yule mzee aliyeanguka miguuni pa Bwana kwa sababu binti yake yuko mahututi. Akafika pale wanapoanza safari kwenda nyumbani kwa mgonjwa, akafunga kitabu.

"Hamuwezi kuishia hapo," nikasema. "Mtoto wa watu anakufa. Someni mbele kidogo."

"Nusu imeisha, mama," Irini akasema, akinisogezea mto nikae. "Anapona. Tutamfikia kesho."