Namba Thelathini na Saba

Simu ilitetema kando ya mkebe wa githeri. Wachuka akaisoma huku bado anatafuna.

"Wachu, usiningoje. Waambie wenu wazee wangu hawakuji hiyo Jumamosi. Namba yangu ilikuwa 37. Milcah wa mapokezi ameniambia imetolewa, ati haifanani na ya watu wenye afya. Siwezi kukuoa nikuletee mzigo. Nisahau."

Akaufunika mkebe.

Naftaly, fundi wa msumeno kule Elburgon na mchumba wake wa miaka miwili, alikuwa amejitolea mwezi wa Juni kupigwa picha ya ubongo hapa kwenye kituo cha utafiti, Nakuru, yeye na wengine hamsini na tisa, wote wasio na ugonjwa. Majina yakafichwa, zikabaki namba. Na namba hizo ndizo zilizokuwa kazi ya Wachuka. Kompyuta ilichora mistari miwili kuuzunguka kila ubongo, mmoja juu ya ganda lake, lile tabaka la nje la kijivu, na mwingine chini yake, halafu ikapima unene uliokuwa katikati, sehemu baada ya sehemu. Kwa wengi ulikuwa milimita mbili na nusu hivi. Kwa namba thelathini na saba, mahali pamoja juu ya sikio la kulia, ulikaribia tano.

Ijumaa iliyopita, akikimbizana na saa, Wachuka aliikata orodhani kwa kalamu nyekundu. Picha yenyewe hakuifungua.

Akautazama mkono wake wa kulia kama mkono wa mtu mwingine.

Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wake, Daktari Madhu, mama wa Kihindi aliyezaliwa papo hapo mjini, akamweleza yote bila kuficha. Madhu hakumgombeza. Alivua miwani akaifuta kwa pindo la sari.

— Nilikuambia nini siku ya kwanza?

— Namba iliyopotea njia huulizwa kwanza, haifukuzwi.

— Na wewe uliiuliza?

— Sikuiuliza, Daktari.

— Basi fungua picha tuone.

Wachuka alishika kipanya, kisha akakiachilia.

— Nikiiona leo, nikaenda kwake kesho, hatajua kama nimemfuata yeye au nimefuata majibu. Nipe ruhusa nimlete. Tuifungue akiwa hapa.

Madhu alirudisha miwani machoni.

— Enda. Na uvae sweta, Elburgon kuna baridi.

Asubuhi iliyofuata, kwenye kiwanda cha mbao Elburgon, ukungu ulikuwa bado umeyalalia magogo, na vumbi la mbao lilielea ndani ya mwanga, likishuka polepole kana kwamba mbingu inapepeta unga. Naftaly alitokea humo, nywele na nyusi zote nyeupe. Kwa nukta moja Wachuka akamwona mzee atakayekuwa siku moja, miaka sabini, ameketi jikoni kwao akipuliza chai. Moyo ukamtulia.

— Si nilikuandikia unisahau?

— Nilisoma. Naftaly, ni mimi niliyeikata.

— Umekata nini?

— Thelathini na saba. Kwa mkono huu. Sikujua ni yako, lakini hata ingekuwa ya nani, nilipaswa kuangalia kwanza.

Msumeno ulilia, ukanyamaza. Naftaly alikung'uta kofia ambayo haikuwa na haja ya kukung'utwa.

— Kwa hivyo umekuja kuniambia niko sawa.

— Sijui kama uko sawa. Sijaifungua. Nimekuja kabla sijajua.

— Na kama ni ugonjwa?

— Basi utaugulia kwangu. Kwani ulidhani nilikupendea ubongo?

Alijikaza asicheke, akashindwa, na vumbi likamwanguka kutoka kwenye nyusi.

— Wewe una dharau, Wachu.

— Nawa uso twende.

Alasiri hiyo wakaketi watatu mbele ya skrini. Ubongo ulionekana wa kijivu, umejaa matuta na mabonde, kama Subukia ikitazamwa kutoka mlimani kabla jua halijachomoza. Madhu alipita kipande kwa kipande, bila haraka. Juu ya sikio la kulia akasimama. Pale mstari wa nje ulikuwa umeliacha ganda ukapanda kwenye utando unaoufunika ubongo, mwembamba kama ule wa maziwa yaliyopoa, na kompyuta ikapima vyote kwa pamoja. Kingo za picha nazo zilikuwa mbilimbili, kama nguo kambani siku ya upepo.

— Ulitikisa kichwa, akasema Madhu. Uliambiwa utulie.

Naftaly aliinamisha uso.

— Nilitulia, Daktari. Ni huyu alipita kwa dirisha la kioo na kitambaa chake cha kijani. Niligeuka kidogo tu.

Madhu alicheka hadi akavua miwani tena. Akamrudisha kwenye mashine, na Wachuka akaamriwa akakae nje nyuma ya jengo, mbali na kioo chochote. Alipoitwa, mstari ulikuwa umeshika ganda vizuri: milimita mbili na nukta sita.

— Amerudi kwa wenzake, akasema Madhu.

Wachuka akaiandika upya thelathini na saba kwa kalamu ya buluu, na pembeni akaeleza kwa nini ilitolewa na kwa nini imerudi. Halafu akazifungua nyingine nne alizozikata Ijumaa ile, moja moja, Naftaly akimngoja kwenye benchi.

Jumamosi wazee wa Elburgon walibisha hodi Subukia, nyumbani kwa kina Wachuka. Naftaly alikaa wima kama ubao, macho mbele, hata shangazi mmoja akamuuliza kama shingo inamuuma.

— Hapana, mama. Niliambiwa huyu akipita nisigeuke.

Wachuka akaingia na birika la chai, kitambaa cha kijani kichwani.

Naftaly akageuka.