Dola Zisizokunjwa

Asubuhi, stendi ya Nangurukuru, Marietha alifungua mkoba wake akapiga yowe. Dola elfu sita za kumpeleka baba yake India kutibiwa moyo hazikuwemo. Basi la Dar es Salaam lilikuwa njiani, na ndege ilikuwa kesho.

Watu wakamrukia Yassini, muuza chai aliyekuwa akiwalindia mizigo. Sajenti Esha alipofika, shati la kijana wa watu lilikwisha kuchanwa.

"Mwacheni!" alifoka. "Dada, kingine kimeibwa nini?"

"Hakuna, afande. Hata shilingi zetu zimo, palepale zilipokuwa dola."

Esha akaguna. Lo, mwizi gani huyo? Nangurukuru dola hainunui hata andazi. Aache shilingi, achukue noti za kumuumbua?

"Mlizipata wapi?"

"Tuliuza mikorosho yetu ya Mitole, tukabadilisha Dar. Wakatuonya tusizikunje, zenye mikunjo hazipokelewi. Nikazilaza ndani ya kitabu cha sala."

"Nani mwingine alijua?"

"Baba tu."

Esha akamgeukia Yassini. "Mizigo yote uliishika wewe?"

"Yote, afande, isipokuwa bahasha ya mzee. Nilitaka kumpokea, akaing'ang'ania."

Pembeni, Mzee Bonaventura, baba yake Marietha, alikuwa ameikumbatia bahasha kubwa ya picha zake za eksirei. Esha akachuchumaa mbele yake, roho ikimuuma.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Naomba nizione hizo picha."

Mzee akaiachia bahasha. Katikati ya picha zikatoka dola, zimelala vizuri, hazina hata kunyanzi.

"Baba!"

"Daktari aliniambia nikiwa peke yangu kwamba kupona ni bahati nasibu. Mikorosho inazaa kila mwaka, mwanangu. Nilitaka ukaikomboe. Shilingi niliziacha ziturudishe nyumbani."

"Na huyu wangemuua," Esha akasema, akimwonyesha Yassini.

Mzee akamtazama yule kijana na shati lake. Machozi yakamtoka.

Basi likaingia likipiga honi. Mzee hakuinuka. Marietha akachukua noti moja, akaikunja mara mbili mbele ya macho ya baba yake, akashika ya pili.

"Usipopanda, nazikunja zote. Hazitakomboa hata mkorosho mmoja."

"Acha, mama, utaziharibu!"

Akaikunja na ya pili. Mzee akashika bega la Esha, akainuka, akalifuata basi.